Wajibu wa Mwajiri Wakati wa Ugonjwa wa Mlipuko: Mwongozo kwa Waajiri wa Tanzania Bara

Tanzania ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19, mwezi Machi 2020, shule zilifungwa, lakini amri ya kuwataka wananchi wote wabaki majumbani haikutolewa, na viwanda, masoko na ofisi nyingi viliendelea na kazi. Miaka mitatu baadaye, virusi vya Marburg vilipozuka mkoani Kagera, waajiri walirudia maswali yale yale kuhusu mishahara, likizo na vifaa vya kinga. Majibu yamo katika sheria za kila siku, hasa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mlipuko wa ugonjwa hausimamishi sheria hizo wala hauvunji mikataba ya kazi, na mwajiri anayechukua hatua kana kwamba umefanya hivyo anajitafutia shauri.

Anza na tathmini ya vihatarishi, kwa sababu hatua nyingine zote zinaitegemea. Pita katika kila eneo la kazi ukiwa na wawakilishi wa wafanyakazi wa usalama na afya, mchunguze ni wapi watu hukaa karibu karibu, ni nani hukutana na wateja au wagonjwa, hewa inapita vipi, na gari la wafanyakazi hubeba watu wangapi kwa safari moja. Andika mlichokiona na mlichoamua kufanya, kwa tarehe. Mkaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, akifika, au mfanyakazi akidai fidia baadaye, maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha kwamba ulijali mapema.

Jitahidi kwanza kuondoa hatari yenyewe: gawanya zamu, panua nafasi kati ya mashine au meza, fungua madirisha, na waache wanaoweza kufanyia kazi nyumbani wafanye hivyo. Vifaa kinga hufuata baada ya hapo, na gharama yake ni ya mwajiri. Kukata bei ya barakoa kwenye mshahara hakukubaliki, kwani sheria ya ajira inaruhusu makato kwa sababu chache tu, na kumtoza mfanyakazi kinga ambayo mwajiri ndiye anayepaswa kuitoa si mojawapo. Wafanyakazi nao wana wajibu wa kufuata maelekezo na kuvitumia vifaa hivyo ipasavyo, lakini huwezi kumlaumu mtu kwa kutofuata maelekezo ambayo hukumfundisha kwa lugha anayoielewa. Wasafisha ofisi, walinzi na vibarua wasiachwe nje ya mafunzo. Mara nyingi wao ndio wanaogusa kila kitasa cha mlango.

Mfanyakazi akiugua ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anatakiwa kuleta cheti cha daktari, na kwa kawaida awe ametumikia zaidi ya miezi sita. Kosa lililo rahisi kufanyika hapa ni kumwandikia mgonjwa likizo ya mwaka ili kuokoa fedha. Sheria inakataza likizo ya mwaka kutumika badala ya likizo nyingine ambayo mfanyakazi anastahili. Unaweza kupanga muda wa likizo za mwaka ili wengine wapumzike kazi inapopungua, ila uwape wale ambao hawaumwi.

Suala la mfanyakazi mzima wa afya ambaye mwajiri anamtaka akae nyumbani siku kadhaa kwa sababu amekutana na mgonjwa ni gumu zaidi. Kwa maoni yangu, aliye tayari na anayeweza kufanya kazi, lakini akazuiwa na mwajiri wake, alipwe mshahara wake, na njia bora ni kumpa kazi ya kufanyia huko huko aliko. Kumnyima mshahara kunawafundisha wenzake kuficha dalili, na hapo tathmini yote ya vihatarishi inakuwa bure.

Taarifa za afya mnazokusanya, kama vile majibu ya vipimo, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kusanyeni zile tu zinazohitajika, na msibandike jina la mgonjwa kwenye ubao wa matangazo wala kulitaja katika kundi la WhatsApp la ofisi. Inatosha kuwaarifu waliokuwa karibu naye kwamba wapo hatarini, huku mamlaka za afya zikipewa taarifa zinazotakiwa kisheria.

Biashara ikianguka, ndipo haki za watu hukanyagwa kwa urahisi zaidi. Kupunguza mshahara au saa za kazi ni kubadili masharti ya mkataba: zungumza na mfanyakazi, au na chama cha wafanyakazi kama kipo, mkubaliane, kisha muandike makubaliano hayo pamoja na muda wake wa kuisha. Tangazo la upande mmoja linalosema kwamba kuanzia mwezi ujao kila mtu atapokea nusu si makubaliano, hata kama hakuna aliyethubutu kulipinga.

Ikiwa hakuna njia ila kupunguza wafanyakazi, toa taarifa ya kusudio hilo mapema, eleza sababu, na fanya mashauriano kabla ya uamuzi kuwa wa mwisho. Mashauriano yahusu namna ya kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda wa utekelezaji, na kiinua mgongo. Kikao kinachoitishwa wakati barua zimekwisha kusainiwa si mashauriano. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyetumikia mfululizo miezi 12 au zaidi hulipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Ongeza malipo ya likizo ambayo hakuitumia na cheti cha utumishi.

Mfanyakazi anayeamini kwamba ameachishwa isivyo halali anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Iwapo ugonjwa umetokana na kazi, kwa mfano muuguzi aliyeambukizwa wodini, toeni taarifa bila kuchelewa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa sababu madai hayo yana muda wake. Waajiri wa Zanzibar wafuate sheria zao wenyewe za ajira na za usalama kazini, zote za mwaka 2005, kwani viwango vilivyotajwa hapa ni vya Bara.