Mpangilio wa mashamba bondeni Rufiji: anzia kwenye alama za maji

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti, watu walibishana sana kuhusu chanzo chake, mvua za El Nino au bwawa la umeme la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji. Ubishi huo haujazi ghala. Mkulima anayejiandaa kwa msimu ujao ajue mambo mawili kuhusu shamba lake: maji yalifika wapi, na yalikaa siku ngapi.

Maji yakipungua huacha mstari wa tope kwenye shina la mwembe au nguzo ya nyumba. Mvua huufuta upesi, kwa hiyo upakeni rangi mapema na muandike mwaka. Kisha zungukeni bonde pamoja na afisa ugani, wazee, na hasa kina mama wanaoshinda kwenye mpunga. Wao hukumbuka hadi jaruba lililochelewa kukauka. Chora ramani, hata ya mkono.

Mahindi machanga yakizama siku mbili tatu, hesabu hasara. Mpunga huvumilia zaidi, ila si kila mbegu. Mbegu ya SARO 5 tunaisifu kwa mavuno, na inastahili, lakini shina lake ni fupi. Ipande pale ambapo maji hupita kidogo. Kwenye kina, mbegu ndefu za asili zinazorefuka na maji bado zina kazi, na sikubaliani na wanaoshauri zitupwe.

Halafu kuna mlau, yaani kilimo cha kupanda kwenye tope mafuriko yakipungua, ambao Warufiji hawahitaji kufundishwa. Maji yakishuka Mei au Juni, finyanga udongo kiganjani. Tope laini likishikamana, panda mara moja mahindi ya muda mfupi, kunde na maboga, kabla ardhi haijapasuka. Palipofunikwa na mchanga mtupu, usipoteze mbegu. Mlau mara nyingi hukwamishwa na mbegu kuliko udongo, kwa sababu akiba ya mbegu nayo huwa imesombwa. Kabla ya masika, kausha mbegu vizuri, zifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, uzipeleke kwa ndugu anayeishi mwinuko.

Tangu bwawa lianze kujazwa Desemba 2022, mto haufuati mvua peke yake. Kijiji kimteue mtu wa kupokea taarifa za maji kufunguliwa, na mwingine wa kuzipeleka kwa miguu au mtumbwi hadi kwa wanaolala madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo shambani, maana huko simu nyingi hazina chaji.