Jiwe la kijani sio lazima liwe zumaridi

Hapa Tanga ukivaa tu pete ya jiwe la kijani utasikia "zumaridi hiyo!", wakati mawe ya kijani yako kibao, hata bonde la Umba hapo kwetu karibu na mpaka wa Kenya linatoa safaya za rangi nyingi na kijani imo. Mi huwa nalisogeza jiwe dirishani, nachukua lenzi ya sonara ile inayokuza mara 10, naangalia ndani kabla sijataka hata kusikia bei.

Zumaridi karibu zote zina mipasuko midogo na kama ukungu ndani, sasa ukiliona la kijani ila ndani safi kabisa hakuna kitu af bei chee, shtuka. Ukiona vipovu vya duara na kona za mkato zimelika, hicho kioo, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Peridoti ndo rahisi, kijani yake imeegemea njano kama ndimu inayoanza kuiva, na ukiitazama kwa juu mpaka mistari ya mkato wa nyuma kila mstari unauona miwili, utadhani macho yamechoka. Tsavoraiti haina hiyo, mstari unabaki mmoja kwa sababu ni jamii ya ganeti, mawe yasiyogawa mwanga mara mbili, na inawaka kuliko zumaridi. Kwanza ilipatikana hapahapa Tanzania mwaka 1967, jina ndo ikapewa la Tsavo ya Kenya, mi mpaka leo linaniuma. Kubwa zake ni adimu mno, kwa hiyo ukiletewa ya karati 10, yaani uzito wa gramu 2, kwa hela ya doti la kanga, kimbia. Tomalini we izungushe tu, upande huu imekolea, upande ule imepoa.

Pete ya kila siku, ya kufulia na kukunia nazi, chukua safaya, ugumu wake 9 kwenye kipimo cha mawe kinachoishia 10. Peridoti ni 6.5 mpaka 7, hiyo weka kwenye hereni. Zumaridi inafika 7.5 mpaka 8 lakini ile mipasuko ndo inaiponza. Dada yangu alipeleka yake kwa fundi mmoja akaisafishe, fundi akaitumbukiza kwenye ile mashine ya kutetemesha, ikatoka na michirizi myeupe, kumbe mipasuko ilikuwa imejazwa mafuta na mafuta yote yametoka. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vilikuwa vinatosha kabisa. Siku hizi anaivaa harusini tu, tena za usiku.