CPAP ya mapovu kwa kichanga anayehangaika kupumua: kuanzia prongi mpaka kumtoa

Mwongozo huu ni wa muuguzi au daktari wa zamu kwenye hospitali ya wilaya, iwe Kaliua, Nzega, Kasulu au Kibondo, ambako mashine ya kupumulia haipo na rufaa si safari ya kwenda na kurudi mchana. CPAP ya mapovu ni hewa yenye presha ya mfululizo inayoingia puani kupitia prongi (vijirija viwili vifupi vya puani), na presha hiyo inapangwa kwa kina cha mrija wa kutolea ndani ya chupa ya maji. Kabla ya yote shika jambo moja: maji yakitoa mapovu, usiharakishe kuandika kwenye faili kwamba CPAP inafanya kazi. Mapovu yanaonyesha presha iliyomo kwenye mrija tu. Kinachofika kwenye mapafu utakijua kwa kuangalia pua na kifua.

Hatua ya 1: Nani anafaa

Tumia alama za Silverman: kifua na tumbo kupishana, mbavu kubonyea, ncha ya chini ya mfupa wa kifua kuingia ndani, pua kutanuka, kugumia. Kila dalili ina 0 mpaka 2. Jumla ikifika 4, mwanzishe. Kwa njiti wa chini ya wiki 32 usisubiri achoke. Mara tu dalili zinapoanza, mweke.

Mtoto asiyevuta pumzi, au anayetweta mara moja moja, huyo si wa CPAP. Ni wa ambu (mfuko wa kumpumulisha kwa mkono), pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, mpaka avute mwenyewe. CPAP inayazuia mapafu yasisinyae kila anapotoa pumzi, haimpumulii.

Usimweke pia mwenye ngiri ya kiwambo cha kifua (tumbo limebonyea ndani, sauti ya mapafu haisikiki upande mmoja), mwenye utumbo uliotoka nje, au ambaye mpira haupiti puani upande wowote. Mdomo sungura uliofika kwenye kaakaa unavujisha presha yote. Huyo jadili na daktari kwanza.

Hatua ya 2: Joto, sukari, mshipa

Nyuzi 36.5 hadi 37.5. Mtoto aliyeletwa kwa boti kutoka vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kule Kalya kusini mwa Kigoma, mara nyingi anafika amepoa, na mtoto aliyepoa anapumua vibaya hata mapafu yakiwa mazima. Sukari ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, Dextrose 10% mililita 2 kwa kilo. Kanula, ampisilini na jentamaisini kwa uzito wake, kwa sababu nimonia na njiti mwenye mapafu machanga huwezi kuwatofautisha kwa macho. Njiti mpe kafeini sitreti miligramu 20 kwa kilo, kisha 5 hadi 10 kwa kilo kila siku. Aminofilini inatumika pale kafeini isipokuwepo, lakini inapandisha mapigo ya moyo na inataka jicho kali zaidi.

Hatua ya 3: Kuunganisha

Chanzo cha hewa, chupa ya unyevu, mrija wa kuingizia, prongi, mrija wa kutolea, chupa ya maji. Mrija wa kutolea uuwekee alama ya plasta kwenye sentimita 5, 6, 7 na 8, ukipima kutoka ncha yake. Anza na 5 au 6. Kina kinahesabiwa kuanzia uso wa maji mpaka ncha ya mrija, si kutoka chini ya chupa. Matone yanayorudi kwenye mrija huongeza maji kwenye chupa taratibu, na uliyemwacha kwenye 6 saa mbili usiku unaweza kumkuta kwenye 8 alfajiri. Chora mstari wa kalamu kwenye chupa na umwage ziada kila unapopita.

Mtiririko: lita 5 hadi 8 kwa dakika, ule mdogo kabisa unaotoa mapovu mfululizo. Kabla ya kumgusa mtoto, ziba prongi kwa kidole chenye glavu. Mapovu lazima yatoke. Yasipotoka, usiende hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Prongi, na kusaka mvujo

Hapa ndipo zamu nzima inaweza kuishia, kwa hiyo twende polepole.

Saizi kwanza. Kwa prongi za aina ya Hudson: namba 0 ni chini ya gramu 700, namba 1 ni karibu kilo moja, namba 2 ni kilo 1.25 mpaka 2, namba 3 ni kilo 2 mpaka 3, namba 4 ni zaidi ya kilo 3. Zijaze tundu la pua bila kuifanya ngozi igeuke nyeupe. Wengi huchagua ndogo kwa kumhurumia mtoto, kumbe ndogo ndiyo inayomuumiza: inavuja, mtu anaisukuma ndani ili izibe, na ukuta wa katikati ya pua unachubuka. Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Weka tone moja la maji ya chumvi 0.9% kila tundu, ingiza kwa mpindo unaofuata pua, kisha acha nafasi ya milimita 2 kati ya daraja la prongi na ngozi. Nafasi hiyo uione kwa macho, si kuikadiria. Ikiisha, ndani ya siku moja una jeraha, na ukuta wa pua ukishaoza haurudi.

Kinachoshikilia prongi mahali pake ni kofia, na kofia ya sufu inayofumwa sokoni haifai hata kidogo. Inavutika, inapanda juu ya masikio, na prongi zinapanda nayo. Shona kofia ya kitambaa cha fulana iliyobana, ifike kwenye nyusi na ifunike masikio, ndipo mirija uifunge pembeni kwa pini na rababendi. Plasta moja kwa moja kwenye mashavu ya njiti tuache. Ikibanduka inabanduka na ngozi.

Sasa mapovu yamekatika. Kabla ya kuongeza mtiririko, toa prongi na uzibe kwa kidole tena.

Mapovu yakirudi, mvujo uko kwa mtoto. Angalia saizi, angalia kama tundu moja limechomoka, angalia mdomo. Mtoto anayeachama hutoa presha yote mdomoni; mkunjie kitambaa laini chini ya kidevu, au utepe mwepesi usiomzuia kutapika. Shingo iwe sawa, kitambaa cha sentimita mbili hivi chini ya mabega.

Mapovu yasiporudi, mvujo uko kwenye mfumo. Fuata njia ya hewa kutoka kwenye konsentreta (mashine ya umeme inayotengeneza oksijeni), kiungo kwa kiungo. Anza na kifuniko cha chupa ya unyevu, kwani ndicho mkosaji wa kawaida: kikikaa mshazari hewa inatoka kwa mlio mwembamba unaousikia ukisogeza sikio. Chupa nyingine zina vali inayofunguka presha ikipanda, nayo inapiga filimbi. Hapo tafuta mrija uliopinda au uliojaa maji, usiizibe vali.

Na kuna kosa la kinyume linalouma zaidi: mapovu yanatoka vizuri, mtoto anazidi kubonyea. Kamasi zimeziba pua. Kwa mfumo, pua iliyozibwa na kidole kinachoziba prongi ni kitu kimoja, maji yataendelea kuchemka kama sufuria huku mtoto hapati kitu. Kwa hiyo kila saa tatu hadi nne toa prongi, tazama, weka matone ya chumvi, vuta kamasi kama zipo, rudisha. Kama hakuna kamasi, usivute. Mpira wa kufyonza unavimbisha pua.

Mrija wa kutolea usipinde kamwe wala kulaliwa. Ukizibika na hewa inaendelea kuja, njia pekee iliyobaki ni mapafu ya mtoto.

Hatua ya 5: Mpira wa tumbo

Namba 6 au 8, kupitia mdomoni, mwisho ukiwa wazi na juu ya usawa wa tumbo. Ukimlisha maziwa ya mama, ufunge nusu saa kisha uufungue. Tumbo lililojaa hewa linasukuma kiwambo juu na kazi yako yote inapotea.

Hatua ya 6: Oksijeni

Lengo kwa njiti ni oksijeni ya damu (SpO2) 90 hadi 95%. Ikisoma 99 na yuko kwenye oksijeni, punguza. Oksijeni iliyozidi inaharibu macho yake. Ndiyo maana mashine yenye pampu yake ya hewa na mita mbili ni bora kuliko kuunga konsentreta peke yake, inayotoa zaidi ya 90% bila kuchanganya. Kwa jumla ya lita 6: oksijeni 1 na hewa 5 ni kama 34%, oksijeni 2 na hewa 4 ni 47%, nusu kwa nusu ni 60%.

Hatua ya 7: Akibadilika ghafla

Tazama pua, mirija, chupa, kwa mpangilio huo. Vyote vikiwa sawa na upande mmoja wa kifua hausogei, hewa imevuja nje ya pafu. Zima taa na umulike kifua kwa tochi: upande wenye hewa unang'aa. Daktari aitwe na sindano ya kipepeo iandaliwe, kwa sababu hiyo haisubiri eksirei.

Akiwa kwenye sentimita 8 na oksijeni 60% bado alama za Silverman ni 7, au anasahau kupumua mara kwa mara, piga simu hospitali ya mkoa, Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora), nao watakuambia kama ni wa kwenda Bugando, hospitali ya kanda iliyoko Mwanza. Asafiri akiwa kwenye kangaruu kama hali inaruhusu, ambu na oksijeni vikiwa ndani ya gari, si nyuma kwenye gari linalofuata.

Umeme

Umeme ukikatika konsentreta inazima, kwa hiyo mtungi wa oksijeni ukae karibu, umefungwa kwa mnyororo, regyuleta imeshawekwa. Mtungi wa lita 6,800 kwa lita 6 kwa dakika unafika saa 18 na ushee. Kichujio cha konsentreta kioshwe kwa sabuni kila wiki; vumbi la Tabora kiangazi linakiziba mpaka oksijeni inashuka bila mashine kulalamika.

Kumtoa

Shusha oksijeni kwanza, presha baadaye. Akiwa kwenye sentimita 5, oksijeni chini ya 30%, pumzi chini ya 60, bila kusahau kupumua kwa saa 24, mtoe asubuhi wakati watu wapo, si usiku. Akianza kugumia tena, mrudishe bila kubishana naye.

Prongi na mirija: sabuni, klorini 0.5% dakika 10, suuza kwa maji yaliyochemshwa, kausha kabisa. Namba 1 na 2 zihifadhi peke yake zikiwa na lebo, maana hazizidi saizi ya punje ya maharage na hufagiliwa pamoja na pamba.