Kabla Hujanunua Land Rover ya Zamani, Lala Chini Uitazame

Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Ilikuwa Julai, asubuhi ya baridi kali Tukuyu, umande haujakauka kwenye nyasi, nami nimelala chali juu ya gunia chini ya Land Rover 109 ya kijani iliyokuwa inang'aa utadhani imetoka dukani jana. Fundi niliyetoka naye Mwanjelwa alikuwa akiigonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kwa nyundo ndogo kuanzia mbele: ngi, ngi, ngi, sauti ya chuma kizima. Alipofika chini ya kiti cha dereva, pale linaposhikiliwa tangi la mafuta, sauti ikageuka ikawa ya debe lenye mchanga. Akanipa bisibisi. "Sukuma hapo, kaka." Nikasukuma. Nilipoichomoa ilitoka na tope jeusi bichi, na magamba ya kutu yaliyopandana kama maganda ya kitunguu. Kwa nje, mahali pale palikuwa pamepakwa rangi nyeusi nzito, mpya kabisa.

Saa moja kabla ya hapo nilikuwa nimeshaikubali bei moyoni. Ndiyo maana naandika haya, kwa ajili ya mtu anayeyapenda magari haya kama ninavyoyapenda mimi, na ambaye fedha yake ni ya viazi, ya mkopo wa SACCOS au ya kiinua mgongo. Gari la zamani lenye kutu linaweza kuokolewa, na mengi huku kwetu yanastahili kuokolewa. Ila bei yake haiko kwenye rangi, wala kwenye mlio wa injini. Iko chini, mahali ambapo muuzaji hategemei uende.

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Ndiyo sababu unaweza kuikuta ya mwaka 1975 imesimama nyuma ya kanisa huko Makete, madigadi yake hayana kutu hata kidogo, na watu wakakuambia hizi haziozi. Zinaoza, tena zinaozea pasipoonekana. Chesisi ni chuma, ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma, fremu za milango ni chuma. Land Cruiser za zamani za mfululizo wa 40 bodi yake yote ni chuma, hivyo kutu inajitangaza mapema na mnunuzi anajua anakutana na nini. Land Rover inakuonyesha uso mzuri huku mgongo umekwisha.

Kabla hata ya kwenda kuitazama, uliza imelala wapi miaka yake yote. Gari lililofanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Rungwe limeloa karibu mwaka mzima. La Isimani au Pawaga limekula vumbi zaidi kuliko maji, na mara nyingi chesisi yake ni nzima kuliko sura yake. La Kyela limekaa kwenye joto na unyevu, ingawa maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, na hiyo ni nafuu kubwa. Lililotoka Tanga au Mtwara likahamia Njombe limekuja na chumvi yake ndani ya chesisi, na baridi ya Njombe haiitoi. Kadi ya gari haitakuambia haya. Jirani wa muuzaji atakuambia, hasa ukimsalimia vizuri na kukaa kidogo. Uliza pia kama lilikuwa linatembea au limesimama. Lililosimama miaka sita juu ya nyasi ni baya kuliko lililobeba viazi kila wiki.

Sasa chesisi. Hapa usiwe na haraka, tenga saa nzima. Chukua tochi, nyundo ndogo, bisibisi ya zamani, na gunia la kulalia. Chesisi ya Land Rover ni kama boksi refu lililofungwa, chuma chenye unene wa kama milimita 2, na chini yake kuna matundu ya kutolea maji. Tope la barabara zetu likiziba matundu yale, maji yanabaki ndani, nacho chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Unapoona kutu kwa nje, ndani mambo yameshaharibika siku nyingi. Kutu ikishaumbika huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo tazama maungio: mahali ambapo vipande viwili vya chuma vimefura na kuachana kama kitabu kilicholowa, kutu iko katikati yake.

Gonga kila baada ya upana wa kiganja kimoja. Tia mkazo kwenye boriti ya nyuma kabisa, ile ya kufungia tela, maana magurudumu ya nyuma huirushia tope moja kwa moja. Gonga mikono ya pembeni inayobeba bodi na tangi. Gonga pale springi zinaposhikwa, mbele na nyuma, pande zote mbili. Mikono ya pembeni na boriti ya nyuma vikioza, vinakatwa na kuchomelewa vipya, na kazi ikawa nzuri tu. Kuoza kwa vishikizo vya springi ni jambo zito zaidi. Na kama chesisi imeoza katikati, pande zote mbili, hapo unachonunua ni vipuri, na bei iwe ya vipuri.

Angalia sana viraka. Kiraka kilichochomelewa kwenye chuma kizima, pembe zote zimefungwa, ni dalili ya mtu aliyejali. Kiraka juu ya kiraka, au bati jembamba limebandikwa juu ya uozo kisha likapakwa lami, ni dalili ya mtu aliyekuwa anatafuta mnunuzi. Rangi mpya nyeusi chini ya gari ambalo juu halijaguswa miaka mingi inatosha kukufanya ukwangue. Omba ruhusa kwanza: "Shikamoo mzee, naomba nikwangue kidogo hapa." Mwenye gari zima hakatai. Akikataa, rudi nyumbani na fedha yako. Oili chafu iliyopakwa chini ni jambo lingine; wazee wengi wanaipaka kwa nia njema na kweli inasaidia, ila ifute kwa kitambaa upaone.

Ukipiga jeki chini ya chesisi, mwenzako asimame pembeni atazame nafasi kati ya mlango na nguzo yake. Nafasi ikibadilika waziwazi, chesisi inapinda. Halafu fungua mlango nusu, ushike kwa chini na uunyanyue. Bawaba zilizochakaa zitacheza kidogo, na hizo ni rahisi. Lakini kama nguzo yenyewe inacheza pamoja na mlango, ule ukuta wa chuma umeoza miguuni. Toa mazulia ya mbele na ubonyeze kwa kidole gumba pale dereva anapoweka visigino. Mimi hupenda kwenda siku moja baada ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, kwa sababu maji yaliyoingia bado yapo na hayana pa kujificha.

Sumaku nayo ina kazi yake, ila watu wengi wanaitumia vibaya kwenye magari haya. Kwenye Land Cruiser, sumaku isiposhika ujue kuna puti nene chini ya rangi. Kwenye sehemu za alumini za bodi ya Land Rover haishiki, kwa sababu alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo hapo tumia kifundo cha kidole: puti hutoa sauti butu. Kama sumaku imeshika kwenye madigadi, mtu ameshaweka bati la chuma la kienyeji. Halafu tafuta unga mweupe. Alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, inayoliwa ni alumini. Rangi inavimba vipele kuzunguka boliti, ukikipasua kipele unakuta unga kama chokaa. Vipele vichache ni uzee wa kawaida. Ukingo mzima wa chini wa mlango ukiwa hivyo, hesabu mlango.

Injini nitaisema kwa ufupi, maana ndiyo kila mtu anayoitazama na ndiyo rahisi kubadilisha. Fika mapema, kabla haijawashwa, uweke kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto saa moja asubuhi, kuna mtu ameipasha moto ili usijue inavyowaka kwa shida. Moshi wa bluu ni oili inayoungua; mweupe unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto ni maji yanayoingia ndani, pengine gasketi. Moshi mweusi usikutishe upesi kwenye injini ya petroli yenye kabureta. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kwenda juu, na Njombe iko kwenye kama mita 2,000. Kabureta iliyotegeshwa Dar es Salaam itamwaga mafuta mengi kuliko hewa iliyopo huku. Inategeshwa upya, basi.

Gia nazo zinawadanganya watu. Land Rover ya toleo la Series IIA ikilia ukiingiza gia ya kwanza au ya pili huku inatembea, ndivyo ilivyotengenezwa. Series III, iliyoanza mwaka 1971, haitakiwi kulia kwenye gia yoyote ya kwenda mbele. Namna ya kuzitofautisha ukiwa umekaa ndani: saa za dashibodi, zile za spidi na mafuta, kwenye IIA ziko katikati, kwenye III ziko mbele ya dereva. Nyingi huku zimechanganywa, mbele ya hii na gia boksi ya ile. Hilo si kosa, ila usilipe bei ya gari halisi. Jaribu pia magurudumu manne, kile kirungu cha njano na kile chekundu, tena kwenye mlima wa kweli. Kwa Iringa, panda kutoka Ipogolo kwenda mjini.

Karatasi zimewaumiza watu kuliko hata chesisi. Kwenye Series II na III namba ya chesisi imegongwa upande wa kulia mbele, pale springi inaposhikwa, mahali ambapo kutu inapapenda. Safisha kwa brashi ya waya taratibu, usome namba herufi kwa herufi ukiilinganisha na kadi. Namba ikiwa imeliwa, kuhamisha umiliki TRA kutakuwa safari ndefu. Injini ikiwa imebadilishwa, hakikisha imeandikishwa. Magari mengi ya aina hii ni ya marehemu: mtoto mkubwa hawezi kukuuzia mpaka kuwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama yeye ndiye ameliendesha miaka 20. Na yale yaliyoingia kwa msamaha wa kodi, ya misheni na ya miradi, kodi inaweza kudaiwa yanapouzwa kwa mtu asiye na msamaha. Uliza mapema nani ataibeba.

Bei sasa. Usianze na bei ya muuzaji ukaipunguza. Anza na bei ya gari kama hilo likiwa zima, lenye karatasi, kisha toa gharama. Kwa ile ya Tukuyu hesabu yetu ilikuwa hivi, na tarakimu zako zitakuwa nyingine: nzima tuliipima milioni 12. Chesisi, vyuma na kuchomelea, milioni 1.8. Ule ukuta wa mbele, milioni 1.2. Breki zote, masta silinda na mabomba, laki 7. Tairi tano, milioni 1.4. Karatasi, laki 4. Jumla milioni 5.5. Kisha tukaongeza theluthi moja, kwa sababu kutu unayoiona siku zote ina mwenzake usiyemwona, ikafika kama milioni 7.3. Ilibaki milioni 4.7. Mzee mwenye gari alitaka milioni 8.

Sikumdharau wala sikulitukana gari lake. Nilimwonyesha tundu, nikamwonyesha karatasi ya hesabu, nikataja milioni 4.5. Alinyamaza, akasema lile gari lilimsomeshea watoto wanne. Nilimwelewa. Nikaacha namba ya simu, tukaondoka. Wiki ya tatu akapiga.

Tenga pia fedha ya kulibeba. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya unapita milima ya Uporoto, na breki ambazo hazijafanya kazi miaka miwili hazijaribiwi huko. Tuliipandisha kwenye Fuso, magurudumu yakafungwa kwa minyororo na magogo. Gereji, fundi hakugusa mashine ya kuchomelea mpaka alipotoa betri, akafungua tangi la mafuta na kulipeleka mbali, nyuma ya ukuta wa jirani.