Joto, maji ya shambani na umri wa mbu wa malaria

Mbu jike wa Anofelesi aliyemuuma mgonjwa leo hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vya malaria hukua kwanza tumboni mwake, kisha huhamia kwenye tezi za mate, na kasi yake hutegemea joto. Kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi vimelea vya falsiparamu, aina ya malaria iliyo hatari zaidi, huchukua takriban siku 12. Kwenye nyuzijoto 20 huweza kufika wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Joto kali kupita kiasi na hewa kavu pia humfupishia mbu maisha.

Hali ya hewa haimo mikononi mwa mkulima, lakini maji yamo. Viluwiluwi wengi wa mbu huyu hustawi kwenye maji yaliyotulia, ya kina kifupi, yanayopigwa na jua. Ndiyo maana majaruba ya mpunga, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta ili kushika maji, huwa hatari zaidi wiki za mwanzo baada ya kupandikiza, kabla majani hayajafunga na kutia kivuli. Katika maji yenye joto, yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili.

Basi usiache jaruba limejaa maji mfululizo. Miche ikishashika, toa maji, acha udongo ukauke juu kwa siku kadhaa, ndipo umwagilie tena. Mpunga unapochanua usiukaushe, punje zitapungua. Ukaushaji huu una faida pale tu shamba lilipokauka kweli: maji yaliyobaki kwenye nyayo za ng'ombe au kwenye mabonde madogo yanatosha kulea viluwiluwi, kwa hiyo sawazisha jaruba vizuri kabla ya kupanda. Palilia mifereji ili maji yasizubae. Na mnaotumia mfereji mmoja pangeni zamu pamoja, maana maji unayotoa wewe yasipopata njia yatatuama kwa jirani.

Viuatilifu nyunyiza pale tu wadudu waharibifu wamethibitika. Dawa huua pia wadudu wa majini wanaokula viluwiluwi, na zile za jamii ya pairethroidi ni ndugu za dawa ya kwenye vyandarua. Zikitumika ovyo shambani, mbu huizoea.

Anayemwagilia usiku avae nguo ndefu, na anayelala shambani kulinda mazao alale ndani ya chandarua chenye dawa. Homa ikimpata, apimwe siku hiyohiyo.