Kuondoa Rangi ya Kucha na Madoa Yake Bila Kuharibu Kucha Wala Vitu vya Nyumbani

Kabla ya kushika pamba, tambua kwanza unachotaka kukiondoa: je, ni tabaka lililolala juu, au ni rangi iliyokwisha kuzama ndani? Rangi ya kucha ya kawaida ni tabaka, na asetoni huliyeyusha kwa urahisi. Hina ni tofauti, kwa sababu rangi yake hushikana na keratini, yaani protini iliyoijenga kucha yenyewe. Ndiyo maana haizuii maji ya udhu, na ndiyo maana hata chupa nzima ya asetoni haitaitoa. Watu wengi huumiza kucha zao kwa kukwangua kisichokwanguka.

Tuanze na kucha. Mikono iwe mikavu, kwa kuwa maji hupunguza nguvu ya asetoni. Lowesha pamba, iweke juu ya kucha na uibane kwa kidole huku ukihesabu polepole hadi 20. Usisugue. Utaiona rangi ikianza kulegea kingoni na kuingia kwenye pamba. Hapo vuta pamba mara moja kutoka shinani kwenda nchani, na sehemu kubwa itatoka kwa mkupuo huo mmoja. Anayesugua huku na huku hueneza wekundu kwenye ngozi ya pembeni, kisha hulazimika kutumia asetoni nyingi zaidi kuuondoa. Masalio ya pembezoni yafikie kwa kijiti chembamba kilichozungushiwa pamba.

Asetoni huondoa pia mafuta ya asili ya kucha na ngozi. Wanawake wengi wanaoswali hupaka rangi katika siku ambazo hawaswali na kuitoa siku hizo zinapokwisha, na wengine huitoa mara nyingi zaidi. Kwao hasa, kunawa kwa sabuni na kupaka mafuta ya nazi kila baada ya kuitoa ni sehemu ya kazi yenyewe, kwani bila hivyo kucha hukauka na kuchanika nchani. Viondoa rangi visivyo na asetoni ni vipole kiasi, ila huchukua muda mrefu zaidi na navyo hukausha.

Rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa, huhitaji subira. Kwaruza ule mng'ao wa juu kwa tupa ya kucha, weka pamba yenye asetoni, funga kidole kwa karatasi ya foili na usubiri dakika 10 hadi 15. Jeli itavimba na kuinuka, nawe utaisukuma taratibu kwa kijiti cha mbao. Ikikataa, funga tena kwa dakika 5. Kamwe usiibandue kwa nguvu, maana hutoka pamoja na matabaka ya kucha na kuacha mabaka meupe.

Umanjano unaobaki baada ya rangi nyekundu au nyeusi ni rangi iliyozama. Changanya bekingi soda na matone ya haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa hadi upate uji mzito, paka kwa dakika 5, sugua kwa mswaki laini na usuuze. Fanya hivyo baada ya kuosha asetoni yote mikononi, kwa sababu vitu hivyo viwili havipaswi kuchanganywa. Mara moja kwa wiki yatosha. Sishauri ndimu, kwani maji yake yakikutana na jua juu ya ngozi huweza kuiunguza na kuacha weusi. Kucha ya mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo doa lililobaki litasogea nchani na kukatwa ndani ya miezi 6 hivi. Lakini kucha ikiwa manjano na pia nene, inamong'onyoka au inaachana na nyama yake, mwone daktari, kwa kuwa huenda ni fangasi.

Asetoni hushika moto upesi sana, na mvuke wake, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Fungua madirisha, na usiitumie katika chumba chenye jiko linalowaka, mshumaa au chetezo cha udi, jambo linalosahaulika kwa urahisi bibi harusi anapoandaliwa. Usiichanganye na jiki, kwani mchanganyiko huo huweza kutoa klorofomu.

Kwa vitu vya nyumbani, vigae na vioo havina shida: asetoni kidogo, kitambaa safi, basi. Plastiki ndiyo yenye hasara. Niliwahi kufuta doa kwenye rimoti ya televisheni kwa asetoni. Doa lilitoka, lakini plastiki ilinata, ikabaki na kovu jeupe, na namba zikafutika. Tangu hapo, kwa plastiki hutumia spiriti ya kusafishia vidonda, nayo huijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Mbao zenye vanishi pia zisiguswe na asetoni. Acha rangi ikauke kabisa, kisha iinue polepole kwa ukingo wa kadi ya plastiki.

Nguo zinahitaji uangalifu zaidi. Soma kibandiko cha ndani, kwa kuwa kitambaa cha aseteti, ambacho mara nyingi ndicho bitana inayong'aa, huyeyuka papo hapo. Na kwenye buibui lenye vijiwe, asetoni huweza kulegeza gundi yake. Kanga ya pamba hustahimili, ila jaribu kwanza kwenye upindo kuona kama rangi ya kanga yenyewe inachuja. Ilaze doa likitazama chini juu ya kitambaa cheupe, gonga kwa pamba yenye asetoni upande wa nyuma, na hamisha kanga kwenye sehemu safi kila wekundu unapohamia chini. Kitambaa cha chini kikibaki cheupe, acha, fua kwa sabuni na maji baridi, wala usipige pasi kabla ya kulikagua doa kwenye mwanga wa jua.