Jinsi ya kupata kadi ya kitambulisho cha kidijitali ya Estonia ukiwa raia wa nchi nyingine

Watu wengi wakisikia Estonia inawapa wageni kitambulisho wanadhani hiyo ndo tiketi ya kuingia Ulaya, sio hivyo kabisa na naomba tuelewane hapa kabla hujatoa hela yako. Kadi yenyewe (mpango unaitwa e-Residency, ulianza Desemba 2014) haina picha yako, haikuvushi mpaka wowote, haikupi uraia wala ruhusa ya kuishi kule. Kazi yake ni kukutambulisha mtandaoni, usaini nyaraka, ufungue kampuni ya Estonia na kuiendesha ukiwa popote. Kama hicho ndo unachotaka, twende.

Hatua ya 1: andaa vitu
Pasipoti ambayo haijaisha muda, picha yako ya pasipoti, na kadi ya Visa au Mastercard. Utatuma pia picha ya ukurasa wa pasipoti wenye taarifa zako, hiyo ipige mchana karibu na dirisha, usiwashe flashi. Yangu ya kwanza mwanga uliangukia pale kwenye plastiki, namba mbili za mwisho zikapotea kabisa, bahati nzuri niliona kabla sijaituma.

Hatua ya 2: jaza fomu mtandaoni
Hapa ndo pa kutulia. Watakuuliza kwa nini unaitaka kadi, na usiandike "nataka kufanya biashara Ulaya" ukaishia hapo, maana anayesoma ni polisi wa Estonia na ndo wanaokuchunguza, sasa sentensi kama hiyo haimwambii chochote. Andika kitu chenye nyama, mfano "natengeneza tovuti, wateja wangu wawili wako Ujerumani, nataka kampuni ya Estonia niwatumie ankara kwa yuro". Na iwe kweli. Wakiuliza kama umewahi kuwa na kesi jibu ukweli pia.

Utachagua na sehemu ya kuchukulia kadi, mara nyingi ni ubalozi wao. Angalia kwanza kama nchi ulipo huo ubalozi inakudai viza, mtu anaweza kukubaliwa vizuri tu alafu akakwama kwa sababu hawezi kufika.

Hatua ya 3: lipa, subiri
Ukikataliwa ada hairudi, ndo maana nimekazania hatua ya 2. Majibu huchukua wiki kadhaa, na wakitaka maelezo zaidi wanakuandikia imeili kwahiyo chungulia na kwenye spamu.

Hatua ya 4: nenda mwenyewe
Huwezi kumtuma mtu, wanachukua alama za vidole. Beba pasipoti ile ile uliyoombea. Una miezi 6 tangu kadi ifike pale, usiichezee.

Hatua ya 5: bahasha ya pini
Kwenye boksi langu kulikuwa na kadi, kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye USB, na bahasha iliyofungwa. Hiyo bahasha ina thamani kuliko unavyofikiri: PIN1 ya tarakimu 4 ni ya kuingilia, PIN2 ya tarakimu 5 ni ya kusaini, na PUK ya tarakimu 8 ya kufungulia ukikosea pini mara 3. Saini ya PIN2 inahesabika sawa na ya mkono kwenye nchi zote za Umoja wa Ulaya, kwahiyo usimpe mtu hata mhasibu wako, na usiiweke bahasha pamoja na kadi.

Pakua programu ya DigiDoc4, chomeka kadi, saini faili lolote la majaribio siku hiyo hiyo. Alafu programu iwe mpya kila wakati, Novemba 2017 Estonia ilisimamisha vyeti vya kidijitali (data ndani ya chipu inayoifanya kadi ikutambulishe na isaini) vya kadi kama 760,000 kwa sababu ya kasoro kwenye chipu na watu ikabidi wasasishe kadi zao.

Kadi inadumu miaka 5 na haiongezwi muda, unaomba upya na kulipa upya, kwahiyo anza miezi mitatu minne kabla maana ikishaisha kampuni yako ipo lakini wewe huwezi kusaini hata ripoti yake ya mwaka.